Punje Moja ya Kahawa kwa Watu Wawili

Tangu nirudi, kila mmoja wenu katika chumba cha walimu ananiuliza likizo ya kisiwani ilikuwaje, na kila nikifungua kinywa kengele inalia. Nimeona niandike mara moja, msome kwa zamu, mniache nisahihishe madaftari yangu. Mambo ya ruhusa na tiketi nayaruka. Mnayajua, na sijawahi kuona mtu aliyefurahia kusoma habari za foleni.

Wengi mnamjua mdogo wangu Kabula kwa jina tu. Aliolewa na Novati, fundi aliyeletwa kutoka ng'ambo ya ziwa kuja kutengeneza mashine za kuchambua pamba hapa Bariadi. Kazi ilipokwisha Novati akarudi kwao kisiwani na mkewe. Kisiwa chenyewe sitakitaja, maana watu wake wanasoma na wanapenda kujibu. Mwaka juzi Novati alifariki kwa homa, akamwachia Kabula mtoto mmoja wa kike, Koku. Mwaka huu, mwezi wa tano, ikaja barua ya Kabula: "Kaka, shule zikifungwa njoo upumzike. Kahawa imeiva, uje uone mashamba. Baba mkwe anakuulizia sana."

Mimi niliisoma kama ilivyoandikwa. Mama alipoisikia akaielewa vingine. Mnajua watu wa kijijini kwetu walitolewa kwenye maboma yao wakapangwa kwa mistari. Ubavuni mwa nyumba mpya ya mama kuna kiwanja kitupu, na mwenyekiti alikubali kumshikia mpaka pamba iishe kuvunwa. Baada ya hapo angempa mwingine.

"Ng'wanone," mama akaniambia, maana kwake bado ni mtoto hata nikiota mvi, "mjane hamwiti kaka yake kwenda kutazama miti. Anataka kurudi nyumbani. Urudi naye, na mtoto."

"Nitamuuliza, mayu."

"Sikukutuma kuuliza."

Basi likizo yangu ikaanza hivyo, na nusu gunia la michembe begani.

Bariadi mpaka Kiloleli

Basi liliondoka Bariadi asubuhi, likafika mahali penye mashamba matupu pande zote mbili, springi ikakatika. Dereva alishuka, akainama, akatazama, akaenda kukaa kivulini bila kumwambia mtu neno. Tukajua siku imekwisha. Malori ya pamba yalitupita yakituachia vumbi. Utingo wa basi letu akapanda mojawapo kwenda kutafuta springi.

Aliyeketi karibu nami chini ya mgunga alikuwa Mzee Seif, yule mwenye duka la vitambaa karibu na msikiti, ambaye wengi wenu mnamkopa. Ni mtu wa Tabora, ameishi kwetu miaka mingi kiasi cha kutusema bila woga. Alikuwa na mkate na chupa ya chai, mimi nilikuwa na michembe, tukala pamoja.

"Mwalimu," akasema, "ninyi Wasukuma mna swali moja kila mwendako. Mtu hata hajakupa kiti, umeshauliza ana ng'ombe wangapi. Kule unakokwenda usiulize. Ng'ombe kwao ni wachache, utawaaibisha."

"Sasa niulize nini?"

"Uliza habari za kahawa. Mtu akiulizwa habari za mali yake, moyo wake unafunguka."

Niliona ni shauri la busara. Sina ugomvi na Mzee Seif hata sasa, lakini nataka mjue kwamba yaliyonipata kisiwani yalianzia chini ya mgunga ule, kwenye mkate wake.

Springi ililetwa jioni. Tulifika Kiloleli tukiwa tumepauka kwa vumbi, tukala sangara wa mama mmoja hotelini... hapana, nasema uwongo, alikuwa sato, na ugali wa mtama. Nautaja ugali huo kwa heshima, kwa sababu ulikuwa wa mwisho kwa muda mrefu.

Mwanza, siku mbili bandarini

Meli ilikuwa iondoke siku ile ile niliyofika. Haikuondoka. Kesho yake ubao ukasema jioni, na jioni ubao ukafutwa. Hakuna aliyeuliza. Watu walitandika khanga zao sakafuni wakaendelea na maisha, na kufikia siku ya pili tulikuwa na majirani, watani na hata ugomvi mdogo wa mahali pa kuanika nepi.

Jirani yangu alikuwa mama mmoja wa upande wa Bukoba, aliyejiita Ma Justa, akitoka kumtembelea mwanawe. Nikamkaribisha michembe. Akachukua kipande kimoja, akakinusa, akakigeuza kwenye mwanga.

"Ni dawa ya nini?"

"Si dawa, mama. Ni viazi vitamu. Vimekatwa vikaanikwa."

"Vilikosa nini?"

Nikamweleza njaa, ukame, na jinsi michembe inavyokaa mwaka mzima bila kuoza. Alinisikiliza kwa huruma, kisha akakirudisha guniani taratibu. Baada ya hapo akafungua kifurushi cha majani makavu ya mgomba na kunipa punje tatu nyeusi, kavu, zenye maganda yake. Nikamuuliza maji ya moto yako wapi. Akacheka mpaka akashika ubavu.

"Hii si ya kunywa, mwalimu. Tafuna! Kwetu mgeni ambaye hajapewa kahawa ya kutafuna, hata ukimlisha wiki nzima hujamkaribisha."

Nilitafuna. Ilikuwa chungu, halafu ikawa na harufu nzuri, halafu chungu tena. Aligeuka kumtazama mtu, nikaitema. Sikujua kwamba nilikuwa napewa somo ambalo ningefanyiwa mtihani wake.

Gatini, kumngoja mwenye mtumbwi

Meli ilitushusha ng'ambo asubuhi. Kutoka hapo hadi kisiwani watu huvuka kwa mtumbwi wa mashine. Mtumbwi ulikuwepo, mashine ilikuwepo, mafuta yalikuwepo. Mwenye mtumbwi alikuwa msibani.

"Atarudi lini?" nikamuuliza mtu aliyekuwa akishona nyavu.

"Wakishazika."

"Watazika lini?"

Akanitazama kama mtu aliyeuliza jua litatua saa ngapi. Kwao msiba ukitokea jembe halishikwi, na wala mashine haipigwi. Nikakaa siku nzima nikila ndizi za kupikwa, mara ya kwanza kwa maharage, mara ya pili kwa dagaa. Nilianza kufikiri kwamba mama hakukosea kuwa na wasiwasi. Kwake mtu asiyekula ugali hajala, na sasa mimi mwenyewe nilikuwa nashiba bila kuridhika.

Mtumbwi uliondoka siku iliyofuata. Maji yalikuwa shwari, na sina la kusimulia juu yake ila kwamba nilishika ubao kwa mikono miwili tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu wa mbugani hana sababu ya kuaibika kwa hilo.

Kwenye kahawa

Kabula alikuwa ufukoni. Alipiga goti kidogo akasema "Mwadila," sauti ile ile ya nyumbani, nikajibu "Mwadila," kisha tukasimama tukitazamana kama watu waliosahau walichokuja kufanya. Alikuwa amekonda lakini mikono yake ilikuwa imara. Koku, mwenye miaka minne, aliniona akajificha nyuma ya khanga ya mama yake, akalia.

Baba mkwe wake anaitwa Ta Kamugisha. "Ta" ndiyo heshima yao kwa mwanamume mtu mzima. Ni mzee mrefu, hana haraka, huvaa koti juu ya kanzu hata jua likiwaka. Alinipokea kwa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, na safari hii sikutema. Kesho yake asubuhi akachukua fimbo yake akasema, "Mwalimu, twende uone kibanja."

Kibanja ni nyumba na shamba pamoja. Kwetu ukitoka nyumbani unakwenda shambani. Kule ukitoka mlangoni umeshafika. Migomba iko juu, kahawa iko chini ya kivuli chake, na ardhini wametandaza nyasi ambamo mguu unazama. Miti ya kahawa wameipinda tangu ikiwa michanga, matawi yameinama mpaka mwanamke anachuma bila kunyoosha mkono. Katika tawi moja unakuta mbivu nyekundu na mbichi kijani zimekaa pamoja, na lazima uchague kwa jicho, moja moja. Kabula alikuwa akichuma kwa mikono miwili bila hata kutazama.

Mzee alikuwa ananionyesha miti kama mtu anayetambulisha jamaa zake. "Huu aliupanda baba yangu. Ule aliupanda Novati akiwa na miaka saba, ona ulivyokaa upande." Nilistaajabu, nasema kweli, nikakumbuka shauri la Mzee Seif. Tukafika kwenye mgomba mmoja mkubwa.

"Kuanzia hapa mpaka kwenye jiwe lile," akasema, "ni kahawa ya Novati. Sasa anaichuma dada yako."

"Nzuri sana, mzee," nikasema. "Na hii mtaing'oa lini?"

Alisimama. "Umesema kuing'oa?"

"Ndiyo. Kung'oa na kuchoma moto, wadudu wasibaki."

Ndugu zangu, ninyi ni watu wa pamba. Mnajua kwamba mtu yeyote wa Bariadi angeuliza hivyo hivyo. Kwetu asiyeng'oa masalia na kuyachoma anaitwa mvivu, na bwana shamba anamfuata mpaka nyumbani. Nilikuwa najionyesha kwamba na mimi najua kilimo.

Mzee alitazama jiwe, akatazama kichaka cha kahawa, kisha akanitazama mimi. "Nimesikia," akasema. Akageuka akarudi nyumbani, na fimbo yake sikuisikia tena siku ile.

Kabula anakasirika

Mchana chakula kililetwa nikala peke yangu. Nilimwona mtu akitumwa upande wa pili wa kisiwa, na mwingine upande huu. Kisha Kabula akaja, kikapu bado kiko kiunoni, macho mekundu.

"Umemwambia nini mzee?"

Nikamwambia. Akaketi chini, akafunika uso kwa mikono.

"Kaka, kwao kahawa ya mtu haing'olewi ila amefukuzwa kwenye ukoo! Ndiyo wanang'oa, wanachoma, ili jina lake lisitajwe tena hapa. Wewe umesimama kwenye kahawa ya marehemu unauliza mtaing'oa lini. Na wadudu! Wadudu ni nani, mimi na Koku?"

Hapo ndipo aliponieleza kile ambacho barua haikusema, kwa kuwa barua kule hupita mikono mingi kabla ya kufika. Novati hakuacha mtoto wa kiume. Binamu yake mmoja alikuwa anaitaka ile kahawa, akisema mjane ni wa kwao Usukumani na ipo siku watakuja kumchukua. Ta Kamugisha hakutaka. Alikuwa amewaita jamaa waje kesho yake, ili mbele yao apasue punje moja ya kahawa pamoja na mtu wa upande wa Kabula. Punje ya kahawa ndani ina nusu mbili. Mmoja anatafuna hii, mwenziwe anatafuna ile, na neno lililosemwa hapo halirudi nyuma. Neno lilikuwa kwamba Kabula ni binti wa nyumba ile, na kahawa ya mumewe ni yake.

"Sasa amewatumia watu wasije," akasema. "Anaamini mmekuja kuning'oa."

Na ndivyo nilivyotumwa. Nikamwambia habari za mama na kiwanja.

"Mayu amekutuma unichukue," akasema polepole. "Na mimi nimekuita nibaki."

"Kule kuna nyumba, Kabula. Kuna watu wako."

"Na Koku? Mayu amefikiri Koku nitamtia kwenye gunia? Mtoto hapa ni wa ukoo wa baba yake. Nikiondoka, naondoka mwenyewe."

Hilo mama hakulijua, wala mimi. Niliona aibu kubwa, si kwa swali la kung'oa tu, bali kwa kuwa nilivuka ziwa zima kumchukua mtu bila kujua nitamwachanisha na nini. Kabula akainuka na kikapu chake. Kahawa mbivu haisubiri mtu amalize kulia.

Mtihani

Nilimkuta Ta Kamugisha mbele ya nyumba, amepiga magoti kwenye jamvi, akigeuza kahawa iliyoanikwa. Hakunikaribisha. Nikapiga magoti upande wa pili nikaanza kugeuza na mimi.

Mwisho nikamwambia, "Mzee, nataka nikueleze habari za pamba."

"Sema."

Nikamweleza. Tunapanda mbegu mvua zikianza, tunapalilia, tunavuna kiangazi. Kisha tunang'oa shina lote na kulichoma, maana likibaki wadudu wanalala humo na mwaka unaofuata hatupati kitu.

Mkono wake ukasimama. "Mnang'oa yote?"

"Yote."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka, mzee."

"Na mwaka unaofuata mnaanza tena na mbegu? Kama watu waliohamia jana?"

"Ndiyo."

Alinitazama kwa huzuni ya kweli. "Poleni sana," akasema.

Nilitaka kucheka, lakini yeye hakuwa anacheka. Kisha akaniuliza lile nililokuwa naliogopa. "Basi kung'oa nimekuelewa. Lakini nyumbani kwenu ulitumwa nini?"

Mtu anaweza kudanganya akiwa amesimama. Akiwa amepiga magoti juu ya kahawa ya watu ni vigumu. "Nilitumwa nirudi na dada yangu."

"Na wewe unasemaje?"

Nilimfikiria mama, na kiwanja kile alichokuwa akikifagia kila asubuhi kana kwamba kuna nyumba. Nilimwogopa, na ninyi mnaomjua mnaelewa. "Nasema abaki," nikajibu.

Mzee akarudi kugeuza kahawa. Jioni wale watu waliotumwa wakatumwa tena.

Jamaa walikuja siku ya tatu, wakajaa uani, na yule binamu akiwa mbele. Ta Kamugisha akasema neno lake kwa lugha yao, kisha kwa Kiswahili kwa ajili yangu. Binamu akauliza, kwa adabu kabisa, "Mama wa huyu dada anajua jambo hili?"

"Bado hajui," nikasema. "Lakini aliyetumwa ni mimi, na atakayerudi kumwambia ni mimi."

Mzee akachagua punje moja kikapuni, akaipasua kwa kucha, akanipa nusu. Ilikuwa ndogo kuliko kucha yangu ya kidole cha mwisho. Nikaitia kinywani. Kabula alikuwa amekaa na wanawake, anatazama mdomo wangu bila kupepesa. Nilitafuna mpaka uchungu ukanipanda puani, machozi yakanitoka, na kwa hofu ya kutema nikameza kila kitu, na ganda. Ganda halimezwi. Uwanja mzima ukacheka, hata binamu, na Ta Kamugisha akanipiga mgongoni akaniita mtoto wake.

Nilikaa siku nane zaidi. Nilichuma kahawa, vibaya, na Koku akawa ananitolea mbichi kikapuni bila kunionea huruma. Mkiniuliza nilipumzika, nilipumzika.

Kurudi

Kurudi hakukuwa na kisa. Meli iliondoka kwa saa yake, jambo lililowakuta watu wengi bado wananunua mkate. Basi la kuja Bariadi halikuvunjika kitu.

Kijijini nilifika asubuhi. Mama alikuwa nje. "Mwangaluka, mayu," nikasema. Aliitikia, lakini alikuwa akitazama njia nyuma yangu, na aliitazama muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Nikaketi nikamweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi: habari za Koku na ukoo, swali langu la kijinga, na punje ya watu wawili. Nilingoja anigombeze. Alikuwa akichambua mboga ya nsansa kwenye ungo, na hakuacha.

"Alilia ulipokuwa unaondoka?" akauliza.

"Hapana, mayu. Alinibebea mzigo mpaka ufukoni, akausukuma mtumbwi, akarudi juu. Alisema mbivu zinaanguka."

"Na wewe?"

Sikupanga kulisema hili kwake, wala kuliandika humu. "Mimi nililia," nikasema. "Tangu ufukoni mpaka kisiwa kikapotea."

Mama akaweka ungo chini.

"Basi mgeni alikuwa wewe," akasema.

Akajifunga khanga yake, akaenda kwa mwenyekiti kumwambia kile kiwanja ampe mtu mwingine. Niliinuka nimsindikize, akanizuia kwa mkono, akaenda peke yake.